Shokapu, springi na gari inayogonga: maswali tunayoulizwa kila wiki Dodoma

Maswali haya ni ya wateja. Mengine yanaulizwa mara tatu kwa siku, hasa mwezi wa nne na wa tano, kifuku kikiisha na mashimo yakibaki. Majibu ni ya fundi aliyelala chini ya gari miaka mingi, kwa hiyo kuna mahali nimesema ninavyoona mimi. Swali lililokwisha kujibiwa sikulirudia, nimekuelekeza tu lilipo.

## Mambo ya mwanzo

Springi inafanya nini, na shokapu inafanya nini?

Springi inabeba. Shokapu inatuliza. Ukishika hilo umeshamaliza nusu ya ukurasa huu.

Uzito wote wa gari, abiria na mizigo umekaa juu ya springi. Gari ikipita kwenye tuta springi inajikunja, halafu inataka kurudi kwa nguvu ile ile, na ikiachwa peke yake itadunda kama mpira. Hapo ndipo shokapu inapoingia. Ndani yake kuna pistoni inayosukumwa kwenye mafuta kupitia matundu madogo sana. Mafuta hayakubali kupita haraka, kwa hiyo mdundo unapungua nguvu na kugeuka joto. Hilo joto likumbuke, tutalirudia chini.

Kwa hiyo gari ikilala upande mmoja, shokapu ya upande huo imekufa?

Hapana, na hili ndilo kosa ninalolisikia kuliko yote. Ukifungua shokapu zote nne ukazitupa, kimo cha gari kitabaki karibu vile vile, ila ukiiendesha itadunda mpaka utapike. Gari inayolala upande ina tatizo la springi, au kiti cha springi kimeoza, au springi haikukaa sawa mara ya mwisho ilipofungwa. Namna ya kupima iko kwenye swali la futi kamba.

Strati ni kitu gani? Gari yangu inazo?

Ni shokapu iliyovaa springi yake, vyote vikiwa mguu mmoja, na mguu huo unazunguka unapokata usukani. Gari ndogo nyingi za Japani zinazo mbele. Toyota IST, kwa mfano, ina strati mbele, na nyuma springi na shokapu zimekaa mbalimbali. Hilux ina springi za pati nyuma, yale mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ni vizuri ujue gari yako ina nini, maana strati ikifunguliwa inagusa mambo mengi zaidi: mauntini ya juu (kishikio cha raba na chuma kinachoifunga kwenye bodi), beringi yake, na mkao wa tairi.

Shokapu hudumu kilomita ngapi?

Watengenezaji wengi hutaja 80,000 kama wakati wa kuanza kufikiria kubadilisha. Hiyo ni hesabu ya lami. Gari inayoshinda kati ya Kisasa na Mji wa Serikali Mtumba inaweza kufika na kupita. Ile inayokwenda minadani kila wiki kwenye barabara za vumbi za Bahi au Chemba, mimi ningeikagua kila nikibadilisha oili. Kukagua ni bure, unachafua mikono tu.

Hata hivyo kwa hapa kwetu adui mkubwa ni vumbi, kuliko hata kilomita. Shokapu ina fimbo ya chuma inayong'aa kama kioo, na fimbo hiyo inalindwa na kifuniko cha raba au plastiki. Kifuniko kikichanika, mchanga unatua kwenye fimbo, fimbo inauburuza mpaka kwenye sili (raba inayozuia mafuta yasitoke), sili inakatika, mafuta yanatoka. Kifuniko ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na shokapu yenyewe, na bado karibu kila gari ninayoiingilia kimechanika au hakipo kabisa.

## Dalili

Gari yangu inagonga mbele nikipita kwenye rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa barabarani. Nimeambiwa shokapu zimekufa. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli. Shokapu hufa kimya. Inapoteza nguvu kidogo kidogo, wewe unaizoea, na siku ukiazima gari ya mwenzako ndipo unashangaa kumbe gari zinatulia hivi.

Mlio wa kugonga wa haraka haraka, "tak tak tak" kwenye rasta au kokoto, gari ikiwa mwendo mdogo, kwa kawaida unatoka kwenye linki za stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari isilale sana kwenye kona. Linki ni vifimbo viwili vyembamba vyenye boli (kiungo cha duara) kila mwisho. Boli zikilegea zinapiga kelele kubwa kuliko umbo lake. Mlio mzito wa mara moja, "dup!", ukiingia shimoni au ukikanyaga breki ghafla, unaelekea kwenye bushi (raba za maungio) za mikono inayoshika tairi, au boljointi. Mlio unaosikika kama uko juu, karibu na miguu ya dereva au chini ya boneti, mara nyingi ni mauntini ya strati: raba yake imeachana na chuma.

Kuna njia ya kuhakikisha kabla hujatoa hela. Fungua linki zote mbili, kushoto na kulia, uzifunge kwa waya zisiguse tairi, halafu endesha polepole sana kwenye njia ile ile iliyokuwa inagonga. Usikimbize, maana gari italala zaidi kwenye kona. Kelele ikiisha, mkosaji umempata. Kelele ikibaki, rudisha linki na uendelee kutafuta kwenye bushi.

Shokapu inaweza kugonga pia, sikatai: bushi yake ya juu au ya chini ikiisha, nati ikilegea, au ikifa kabisa kiasi kwamba gari inapiga chini kwenye kila shimo. Ila iweke mwisho kwenye orodha ya washukiwa, si mwanzo.

Basi shokapu iliyokufa inajionyeshaje?

Kwa mwendo wa gari. Ukifunga breki pua inazama kupita kiasi, ukiondoka makalio yanakaa chini. Ukipita kwenye tuta gari inaendelea kuitikia kichwa baada ya tuta kuisha. Kwenye kona yenye mashimo, nyuma inahama kidogo kama inataka kutoka njiani. Na kwenye ile nyika ya kwenda Manyoni, upepo wa Dodoma ukivuma au ukipishana na lori, gari inayumba na inachelewa kurudi mahali pake.

Abiria wa kiti cha nyuma hujua kabla ya dereva. Mama mmoja aliniambia hajui chochote cha gari, ila tangu Pasaka mwanawe anatapika wakienda kijijini, na zamani hakuwa anatapika. Nilipoingia chini, shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa kavu, mafuta yalishatoka siku nyingi.

Jambo la hatari zaidi ni breki. Tairi inayorukaruka haiko barabarani, na tairi isiyo barabarani haifungi breki. Kwenye lami laini tofauti ni ndogo. Kwenye barabara yenye mawimbi kama bati, ni kubwa mno.

Nikikata usukani gari ikiwa imesimama nasikia kama uzi wa gitaa umevutwa.

Hiyo ni springi inayojisokota na kujiachia, kwa sababu beringi ya juu ya strati imekwama. Au springi yenyewe imekatika mzunguko wa chini. Mpe mtu akate usukani huku na huku, wewe weka kiganja juu ya springi kupitia nafasi ya tairi, vidole mbali na mizunguko. Ikiruka mkononi mwako badala ya kuzunguka taratibu, ni beringi. Ukiwa hapo, angalia kama springi ni nzima.

Usukani unatetemeka nikifika 80 au 100. Ni shokapu?

Anza na balansi ya tairi na rimu iliyopinda. Shokapu iliyokufa huongeza mtetemo, ni mara chache iuanzishe.

## Kupima mwenyewe

Ile ya kubonyeza kona ya gari inafaa?

Inafaa nusu. Simama kwenye kona, bonyeza kwa uzito wa mwili mara mbili tatu mpaka gari icheze, kisha achia ikiwa chini. Inatakiwa ipande, ishuke kidogo, itulie. Ikiendelea kudunda mara mbili au tatu, shokapu hiyo imekwisha.

Lakini ikitulia usishangilie. Mkono wako unasukuma polepole, barabara inasukuma kwa kasi. Shokapu iliyochoka nusu hufaulu mtihani wa mkono ikafeli barabarani. Strati nazo zina msuguano wake, kwa hiyo huficha ugonjwa zaidi. Na ukiijaribu pikapu tupu yenye springi za pati utabonyeza mpaka jasho likutoke, haitacheza.

Shokapu ina mafutamafuta. Imepasuka?

Tofautisha jasho na kuvuja. Utando mwembamba karibu na sili, uliokamata vumbi kidogo, ni kawaida. Kinachotakiwa kukushtua ni pale vumbi limegeuka tope jeusi nene kutoka juu hadi chini, na ukilikwangua kwa bisibisi ndani kumelowa. Hapa kwetu vumbi jekundu linasaidia, linaonyesha njia ya mafuta kama wino.

Kabla hujahukumu, hakikisha mafuta ni ya shokapu. Buti ya shafti (raba inayofunika kiungo cha shafti inayozungusha tairi) ikichanika hurusha girisi kila mahali, na silinda ya breki ya nyuma ikivuja hulowesha upande wa ndani wa tairi. Ukikuta ni breki, achana na shokapu, shughulikia breki leo.

Nimesikia mafundi wanagusa shokapu baada ya safari. Wanatafuta nini?

Joto. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda, hakihitaji kifaa na wachache wanakitumia. Shokapu inayofanya kazi inageuza mdundo kuwa joto, kwa hiyo baada ya kilomita kumi na tano hivi za barabara mbovu lazima iwe na moto. Simama mahali salama, zima gari, sogeza mgongo wa mkono karibu na mwili wa shokapu kwanza, kisha gusa haraka. Usiguse ngoma au diski za breki wala ekzosi, hizo zinababua.

Linganisha kushoto na kulia, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma. Moja ikiwa ya moto na mwenzake ya baridi, ile ya baridi imelala kazini. Zote mbili zikiwa baridi baada ya barabara ya mawimbi, zote zimekufa. Ila ukumbuke kwamba bomba la ekzosi likipita karibu, upande huo utapata joto la bure.

Napimaje kama springi imelala?

Chukua futi kamba. Peleka gari mahali palipo sawa, sakafu ya sheli inatosha. Toa mizigo, weka upepo sawa kwenye tairi zote, sogeza gari mbele na nyuma kidogo ili ikae. Pima kutoka katikati kabisa ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa fenda. Usipime kutoka chini, utakuwa unapima tairi.

Linganisha kushoto na kulia. Tofauti ya milimita chache isikusumbue, gari hazikutengenezwa kwa mizani ya dhahabu. Ikifika sentimita moja na nusu au zaidi, ingia chini ukatafute springi iliyokatika. Ikiwa pande zote zimeshuka sawa, springi zimechoka pamoja. Hapo utahitaji kulinganisha na gari nyingine ya aina ile ile, nzima.

Tairi zinaweza kunieleza kitu?

Sana. Pitisha kiganja kuzunguka tairi. Ukisikia mabonde na vilima, tairi imeliwa kwa viraka viraka, ilikuwa inadunda. Ikiliwa upande mmoja tu, ndani au nje, hilo ni la alaimenti (mkao wa tairi) au bushi.

## Springi

Springi imekatika ncha ya chini, lakini gari inatembea vizuri. Nisubiri mwisho wa mwezi?

Usisubiri. Springi ya strati inapokatika, ncha yake kali iko sentimita chache kutoka ukuta wa tairi. Siku ikihama inachana tairi, na haichagui kama uko Area C kwa mwendo wa bajaji au unashuka Gairo kwa mwendo wa basi. Endesha mpaka gereji tu, polepole.

Pikapu yangu ya springi za pati inatembea kombo kama kaa. Shida iko wapi?

Kuna boliti moja inayopita katikati ya pati zote, sentabolti. Ikikatika, ekseli inateleza nyuma au mbele upande mmoja. Pima kutoka ekseli mpaka jicho la mbele la springi, kushoto na kulia. Vipimo vikipishana, umeipata. Chanzo mara nyingi ni yubolti zilizolegea, zile boliti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, kwa hiyo ukibadilisha sentabolti usikaze yubolti ukasahau. Zikaze tena baada ya siku chache za kazi.

Niongeze pati, au niweke raba kwenye springi ili gari inyanyuke?

Kama kila siku unabeba magunia ya mahindi kutoka Kibaigwa, kuongeza pati kwa pikapu kuna mantiki, ila ikiwa tupu itakutingisha figo. Kumbuka pia kwamba kuongeza springi hakuongezi nguvu ya breki wala ya ekseli.

Raba za kupachika katikati ya mizunguko ya springi sizipendi. Mizunguko uliyoizuia haifanyi kazi tena, mzigo unahamia kwenye iliyobaki, nayo inakatika. Raba pana zinazokaa juu au chini ya springi ni nafuu, mradi zisizidi. Ukinyanyua sana, shokapu inavutika mpaka mwisho wake kila gari inapotoka shimoni, na shafti inafanya kazi ikiwa imepinda. Halafu unarudi kwangu unauliza kwa nini shokapu mpya haidumu.

## Kununua na kufunga

Imekufa moja. Nibadilishe moja au mbili?

Mbili, za ekseli moja. Mpya na ya zamani zikikaa pamoja, gari inatulia upande mmoja na kudunda upande wa pili, na kwenye breki ya ghafla utaijua tofauti. Si lazima nne kwa mpigo.

Za mtumba kutoka Japani, au mpya ya bei ndogo?

Mtumba nzuri ipo, lakini unanunua kilomita usizozijua. Ukichagua, isimamishe wima, bonyeza fimbo mpaka chini na uivute juu mara kadhaa. Inatakiwa ikaze kwa uzito ule ule safari nzima. Ikiwa na sehemu inayopita bure kama kisu kwenye siagi, irudishe. Angalia fimbo: mkwaruzo unaoshika kucha unatosha kuikataa. Watu wengine huikataa kwa sababu haipandi yenyewe. Hiyo ni tabia ya shokapu za gesi, za mafuta matupu hazipandi na wala si mbovu.

Kuna fundi anajaza mafuta kwenye shokapu na kuchomelea. Inasaidia?

Kwa wiki kadhaa. Mafuta yalitoka kwa sababu sili imekatika na fimbo imekwaruzwa, na hivyo viwili havijabadilishwa. Na anayechomelea shokapu ya gesi bila kuitoa presha anacheza na bomu.

Nimeweka mpya kabisa, mwezi wa tatu zinavuja. Niliuziwa feki?

Inawezekana. Lakini uliza kwanza zilifungwaje. Nati ya juu inapokazwa fimbo huzunguka pamoja nayo, na fundi mwenye haraka anaishika fimbo kwa plaizi. Meno ya plaizi yanaacha alama kwenye ule mng'ao, na kila fimbo inapopanda na kushuka alama hiyo inapiga msasa sili. Nililifanya mwenyewe nikiwa kijana, kwenye gari ya shemeji yangu. Alinunua jozi mbili ndani ya mwaka mmoja, akamlaumu muuza spea, nami nikaitikia. Fimbo hushikwa juu kabisa, mahali palipotengwa kwa spana au allen.

Makosa mengine mawili ni ya kawaida: kutorudisha kifuniko cha vumbi na raba ya kuzuia kupiga chini, na kukaza boliti za bushi tairi zikiwa zinaning'inia kwenye jeki. Bushi inakazwa gari ikiwa imekanyaga chini. Vinginevyo inaishi ikiwa imesokotwa mpaka ichanike.

Naweza kufungua strati mwenyewe nyumbani?

Kuitoa kwenye gari, sawa, ukijua unachofanya na gari ikiwa juu ya stendi za chuma, si jeki pekee. Kuitenganisha na springi, hapana. Springi imebanwa kwa nguvu inayoweza kuvunja taya. Ile nati ya katikati haifunguliwi kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake, na waya au kamba ya katani si kifaa chake.

Alaimenti ni lazima?

Kama umefungua strati za mbele, ndiyo. Shokapu za nyuma zilizo mbali na springi, kwa kawaida hapana.

Mpya zinaonekana ngumu, gari inarusha.

Ulizoea zilizokufa. Ipe wiki moja. Ikibaki ngumu, pima upepo wa tairi, kisha uhakikishe hukupewa za aina nyingine ya gari.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Prado yangu inalala nyuma usiku, asubuhi ikiwashwa inapanda.

Baadhi ya Prado zina mifuko ya upepo nyuma badala ya springi za chuma. Mfuko, bomba lake au valvu inavuja. Pulizia maji ya sabuni ikiwa imewashwa, utafute mapovu. Usiiache hivyo miezi, kompresa itaungua kwa kufanya kazi bila kupumzika.

Springi imekatika niko porini, gari imelala. Nifanyeje mpaka nifike?

Shusha abiria na mizigo uone kama tairi inazunguka bila kuguswa na chuma wala fenda. Ikiguswa, usiondoke, hata kama ni kilomita tano. Ikiwa huru, endelea chini ya mwendo wa baiskeli kwenye mashimo na si zaidi ya 40 kwenye lami. Simama baada ya kilomita moja ya kwanza uangalie tairi kwa ndani, kisha kila baada ya kilomita kumi. Kwa pati iliyovunjika, watu wa huku hufunga kipande cha mti mgumu kati ya ekseli na chesisi kwa mpira wa tairi. Kinafika, nimekiona kikifika kutoka Kondoa. Ila ukishaingia mjini usipite sokoni kwanza.